Peugeot 404 ya Baba Mdogo: Niliyojifunza Katika Kufufua Gari la Kale

Wapenzi wa magari ya kale wa Afrika Mashariki wanapokutana, mazungumzo yao huanzia mara nyingi kwenye mashindano ya magari ya Safari Rally, kwa sababu ni huko ambako magari mengi wanayoyapenda yalijipatia jina. Wapo wasiotaka kusikia gari jingine isipokuwa Datsun 240Z, lenye boneti ndefu na mgongo unaoshuka taratibu hadi nyuma, ambalo lilishinda Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Wapo wa Ford Escort, wanaokumbusha kwamba gari hilo ndilo lililompa Hannu Mikkola ushindi wa mwaka 1972, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda mashindano hayo. Wengine, hasa wazee wa Nairobi, hulisifu Volvo PV544 lenye mgongo wa mviringo, ambalo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nalo mwaka 1965. Yote ni magari mazuri na sina ugomvi na mashabiki wake. Mimi ni wa Peugeot 404, na nadhani ni haki nieleze sababu zangu kabla ya kusimulia nilivyolifufua moja.

Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960 na ikaendelea kutengenezwa Ufaransa hadi mwaka 1975. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina, nyumba ya wachoraji wa magari ya Italia, katika wakati ambao magari ya Marekani yalikuwa yakishindana kwa ukubwa wa mapezi ya nyuma. Mapezi ya 404 ni ya kiasi tu, yamekatwa kwa mshazari na kushikilia taa za nyuma, na mstari unaotoka kwenye taa za mbele hupita ubavuni kote bila kukatizwa. Wanaolidharau husema linafanana mno na Austin Cambridge na Fiat 2100 za miaka hiyo. Wanasema kweli, kwa kuwa Austin nayo ilichorwa na nyumba hiyohiyo. Hata hivyo, ukiyasimamisha matatu hayo pamoja utaona kwamba 404 ndiyo iliyopata uwiano sahihi wa paa, vioo na ubavu. Kuna pia 404 ya milango miwili, yenye paa gumu au la kukunjwa, ambayo bodi zake zilijengwa na Pininfarina wenyewe. Hilo ni gari la kutazamwa pichani tu kwa watu wa kipato changu.

Uzuri peke yake usingetosha kunivuta. 404 ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ule mwaka wa 1963 mvua na tope viliacha magari 7 tu yakifika mwisho kati ya zaidi ya 80 yaliyoanza. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, wakaazi wa Tanzania, jambo ambalo marafiki zangu wa Kenya hulisahau kwa urahisi wa kushangaza. Gari hilohilo, likiwa limerefushwa nyuma na kuwekewa safu tatu za viti, lilikuwa teksi ya masafa marefu kati ya Nairobi na miji ya bara, na likiwa na kibebeo cha mizigo lilipeleka ndizi, saruji na watu mahali ambapo basi halikufika. Ni machache magari yaliyopendwa kwa pamoja na mchoraji, dereva wa mashindano na mwenye duka la kijijini.

Gari ninalolizungumzia ni la mwaka 1967, na lilikuwa la baba yangu mdogo, aliyefanya kazi bandarini Tanga. Alilinunua likiwa limekwisha kutumika, akaliendesha katika miaka ya foleni za petroli, na aliposhindwa kupata spea akaliegesha uani kwake chini ya mkungu. Hapo likakaa hata baada ya yeye kufariki. Nilipokwenda kumwamkia mama mdogo na kumweleza nia yangu, hakunikatalia wala hakunikubalia siku hiyo. Alitaka kwanza kujua nitalifanyia nini.

“Lichukue, mwanangu,” aliniambia tulipoonana tena, “lakini usije ukalipaka rangi ya kung’aa ukalifanya la kubebea maharusi. Baba yako mdogo hakuwa mtu wa mapambo.”

Sidhani kama alijua kwamba alikuwa amenipa kanuni ya kazi nzima. Mtu anayeanza kufufua gari la kale bila kujua anataka kulirudisha wapi hujikuta akifuata ushauri wa kila anayepita gereji: huyu anasema weka injini ya Toyota, yule anasema weka rimu pana, wa tatu anataka lipakwe rangi nyekundu kwa sababu nyekundu hupendeza kwenye picha. Mimi nilikuwa na jibu. Nilitaka kulirudisha kuwa gari la mfanyakazi wa bandari, safi, zima, linaloweza kwenda Dar es Salaam na kurudi, lenye alama za maisha yake. Jibu hilo liliokoa fedha nyingi, na mara kadhaa liliokoa urafiki.

Kazi ya kwanza haikuwa ya spana. Gari la marehemu ni sehemu ya mirathi, hivyo ilibidi msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama aridhie kwa maandishi, watoto wa marehemu watie saini zao, na kadi ya gari ilinganishwe na namba zilizogongwa kwenye bodi na kwenye kibati kilichopo ndani ya boneti. Ndipo nilipoweza kushughulikia usajili mpya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kwa kuwa gari lilikuwa bado na namba za mtindo wa zamani. Ninaliweka jambo hili mbele kwa makusudi. Magari mengi ya kale nchini kwetu yapo kwenye ua wa mtu aliyefariki, na nimeshuhudia bodi iliyonyooshwa kwa ustadi mkubwa ikirudi kuota kutu kwa sababu ndugu walijitokeza kulidai gari lilipoanza kupendeza.

Gari la kale hufa kwa bodi kabla ya kufa kwa injini. Injini ni chuma kinene chenye mafuta ndani yake, na karibu kila kipande chake hufunguka, hupimika na hubadilika. Bodi ni bati jembamba lililokunjwa na kuunganishwa likaacha vyumba vya siri ambamo maji huingia na hayatoki. Land Rover ya zamani ina chesisi yake ya pekee, kwa hiyo bodi ikichakaa kuna mifupa inayobaki. Peugeot 404 haina chesisi ya namna hiyo, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kutu ikila vizingiti vilivyo chini ya milango, haijala urembo, imekula uti wa mgongo. Katika gari la baba mdogo, majani ya mkungu yalikuwa yamejaa kwenye mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele, yakaoza, yakaziba matundu ya kutolea maji, na hewa ya chumvi ya Tanga ikamalizia kazi. Kwa nje vizingiti vilionekana vizima. Bisibisi ilipogongwa kwa chini iliingia bila kuombwa.

Anayekwenda kununua gari la aina hii achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini na aipitishe ubavuni kote, kwa sababu sumaku haishiki palipojazwa puti, ule ute mzito wa kuzibia mabonde na mashimo ya bodi. Aingie uvunguni akiwa na tochi. Ainue mazulia yote, hata yakiwa yamegandamana na sakafu. Afungue na kufunga kila mlango akitazama kama unashuka unapofunguliwa, kwa kuwa mlango unaoshuka huenda bawaba zake zimeisha, na huenda pia nguzo inayoushikilia imelegea kwa kutu. Muuzaji akiona mambo haya yanamchosha, mwache na gari lake.

Fundi wangu wa bodi ni mzee wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyejifunza kazi katika miaka ambayo madigadi mapya hayakupatikana hata kwa mwenye fedha. Siku ya kwanza hakushika nyundo kabisa. Alikunja kitambaa chembamba, akakiweka chini ya kiganja, akafumba macho, akapitisha mkono ubavuni mwa gari kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, akarudia upande wa pili. Kitambaa hupunguza msuguano wa ngozi, na hapo kiganja husikia mabonde ambayo jicho haliyaoni mpaka rangi ikauke. Kila alipohisi bonde aliweka alama ya chaki. Gari likaonekana kama ubao wa darasa la hesabu, nami nikaelewa kwa nini bei yake ilikuwa juu kuliko ya vijana wa jirani.

Namna alivyobadilisha vizingiti ndiyo sehemu ya kazi niliyoifuatilia kwa makini kuliko zote. Hakukata pande zote mbili kwa pamoja. Alichomelea kwanza vyuma vya kushikiza katikati ya nafasi za milango, ili gari lisije likakunjika pale uti wake utakapoondolewa, kisha akakata upande mmoja tu, akakunja bati jipya la unene wa milimita moja kwa kulilinganisha na la zamani, akalishikiza kwa nukta chache za moto. Baada ya hapo alirudisha milango kwenye bawaba zake na kutazama mianya inayoizunguka. Mianya ilipokuwa sawa juu na chini ndipo alipoendelea kuchomelea, nukta moja hapa, nyingine mbali na hapo, kwa sababu moto ukikaa mahali pamoja hupindisha bati, na bati la gari lililopinda kwa moto ni kazi ngumu kulirudisha. Kijana mwenye haraka angeweza kufunga kizingiti chote asubuhi moja. Mlango wake usingefunga tena.

Kuna jambo moja la hatari ambalo mafundi wengi wa siku hizi hawalijui. Viwanda vya zamani vilitumia madini ya risasi kujazia baadhi ya maungio ya bodi, kabla ya puti ya kisasa kuenea. Sehemu hizo zikipigwa moto au msasa, moshi na vumbi lake ni sumu. Mzee aliziyeyusha nje, penye upepo, akiwa amefunika pua na mdomo, na watoto wa gereji akawafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Juu ya tairi la nyuma upande wa kulia palikuwa na bonde dogo, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mama mdogo alikuwa amenisimulia kwamba ni nguzo ya geti la nyumbani, siku baba mdogo alipokuwa akirudi nyuma akiwa anacheka na mgeni. Nilimuuliza mzee kama chuma chake kilikuwa kizima. Alikigonga kwa ukucha, akasema ni kizima. Tukaliacha. Wenzangu kadhaa wameniambia kwamba huo ni ushamba, kwamba gari lililofufuliwa linatakiwa litoke kama lilivyotoka kiwandani. Siafikiani nao, na nitarudi kwenye hoja hiyo.

Injini ilikuwa imekwama, kama ilivyotarajiwa kwa injini iliyokaa miaka mingi bila kuzungushwa. Ni injini ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita 1618 za ujazo, iliyolazwa kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini, na plagi zake zimezama ndani kabisa ya mirija kiasi kwamba anayeiona mara ya kwanza hudhani hazipo. Haraka yoyote hapa ni adui. Tulitoa plagi, tukamimina mchanganyiko wa dizeli na mafuta mepesi katika kila silinda, tukaiacha, tukaongeza, tukaiacha tena. Hatukujaribu kulivuta gari likiwa kwenye gia, jambo ambalo hupendekezwa na kila mtu na huvunja ringi za pistoni. Ilipoanza kusogea ilisogea kwa upana wa ukucha, kwa wenzo mrefu, mbele na nyuma, mpaka ikazunguka yenyewe.

Baada ya kufungua silinda hedi, yaani mfuniko wa juu wa injini, kuna kanuni moja ambayo kutoijua kumeharibu injini nyingi za Peugeot mikononi mwa mafundi waliozoea magari ya Kijapani. Silinda za injini hii ni slivu, yaani mirija ya chuma, zinazotoka, zilizosimama ndani ya maji ya kupozea na kuzibwa kwa chini na gasketi nyembamba. Hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukiitoa hedi kisha ukaizungusha injini, pistoni huzinyanyua slivu, gasketi za chini huachia, na baadaye maji huingia kwenye mafuta. Mtu atabadilisha gasketi ya hedi mara nyingi bila kupata dawa, kwa kuwa ugonjwa uko chini. Slivu hubanwa kwanza kwa vipande vya chuma na boliti, ndipo injini izungushwe. Aidha, kila slivu inatakiwa ichomoze juu ya bloku kwa kipimo maalumu, na kipimo hicho hupatikana kwa kifaa, si kwa kidole. Fundi aliyenifanyia kazi hii aliwahi kuhudumia teksi za Peugeot, na alikuwa na vibanio vyake vya zamani ndani ya mkebe wa maziwa.

Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, nayo ina siri yake. Magari mengi hutumia meno ya chuma kwa chuma, lakini 404 ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Mfumo huo hauna kelele na unadumu sana, ila hauvumilii mafuta ya difu yanayouzwa madukani leo kwa ajili ya magari ya kisasa, kwa sababu baadhi ya viungo vyake vya salfa hushambulia shaba. Muuza mafuta atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba aliyonayo ni ya bei ghali na kwa hiyo ni bora. Gurudumu hilo likiisha, jipya ni la kutafuta kwa tochi. Gia boksi vilevile haihitaji mafuta ya gia. Peugeot waliagiza itiwe mafuta ya injini, na ikitiwa mazito hugoma kubadilisha gia asubuhi kungali baridi.

Spea ni swali ambalo kila mtu huniuliza, na jibu lake linaanzia Kenya. Peugeot ziliunganishwa huko kwa miaka mingi, na pikapu za 504 ziliendelea kutoka Mombasa hata baada ya Ulaya kuzisahau, kwa hiyo mkebe wenye vumbi katika duka la Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, unaweza kuwa na kitu ambacho hakipo Paris. Injini ya 504 ya awali, ya sentimita 1796 za ujazo, ni ya ukoo mmoja na ya 404, na vipande kadhaa hubadilishana. Kwa upande mwingine, sheria ya Kenya inayozuia kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane, pamoja na ushuru wa uchakavu tunaotozwa Tanzania, imefanya magari ya kale tuliyonayo yawe takriban yale yaliyokuwa hapa tangu mwanzo. Likipelekwa moja kwenye vyuma chakavu, si rahisi kuleta jingine. Raba za milango na za vioo niliziagiza Ulaya, ambako wamiliki hushirikiana kuzitengenezesha upya, na ushuru wake ulinitoa jasho. Bushi za shaba nilichongesha kwa fundi wa mashine ya kukereza, kwa kumpelekea iliyoisha na kumweleza ilipaswa kuwa na ukubwa gani ilipokuwa mpya.

Kuhusu rangi nitasema mawili tu. Rangi halisi ya gari haipo nje, ambako jua na mafundi wamepita. Ilikuwa imejificha nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kijivu chepesi chenye umaziwa, na hapo ndipo muuza rangi alipopata kipimo chake. La pili ni kwamba rangi za kisasa za kuchanganya na kigumishi hutoa mvuke unaodhuru mapafu, na kitambaa puani hakiuzuii. Anayelipia kazi ya rangi alipie pia barakoa ya kweli ya mpulizaji, hata kama mpulizaji mwenyewe anacheka. Mimi nilikataa kuongezewa tabaka la kung’arisha juu, kwa kuwa mng’ao ule wa kina kama wa kioo haukuwapo mwaka 1967, na rangi iliyopigwa msasa mwembamba kisha ikasuguliwa kwa mkono ilinipa mwangaza mpole niliouona kwenye picha za zamani za familia. Ndani, fundi wa viti alitaka kuweka ngozi. Tulibakiza kitambaa cha plastiki cha rangi ileile, tukabadilisha springi zilizokatika na kujaza upya kwa nyuzi za makumbi, ambazo hazihifadhi joto kama sponji.

Sasa nirudi kwenye lile bonde. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 waraka unaoitwa Mkataba wa Turin, unaofuata nyayo za Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 uliohusu majengo ya kihistoria. Msingi wake ni kwamba gari la kale ni ushahidi wa wakati wake, kwa hiyo kuhifadhi hutangulia, kukarabati hufuata, na kufufua kila kitu kuwe hatua ya mwisho. Unataka pia mabadiliko yawe machache, yaandikwe, na yaweze kuondolewa bila kuacha madhara. Niliusoma kazi ikiwa katikati, nikaona unasema kwa lugha ya wanasheria jambo alilolisema mama mdogo akiwa amekaa kwenye mkeka. Kwa kuufuata, nimeweka mikanda ya usalama ya viti vya mbele kwa kutumia boliti kwenye sehemu zilizoimarishwa, na nimeweka alternata mpya ya kuzalisha umeme, huku dinamo ya zamani ikiwa imefungwa kwenye gunia lenye lebo. Mikanda siijadili na mtu. Uhalisi una mipaka, na mpaka wake ni kifua cha abiria.

Wapo wanaofuata njia nyingine, nami nimewaona wakiwa katika ubora wao. Katika maonyesho ya Concours d’Elegance yanayoandaliwa Nairobi na chama cha wamiliki wa Alfa Romeo, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong, majaji huinama wakatazama hadi uvungu, na wenye magari husafisha kwa mswaki pembe ambazo hakuna abiria atakayeziona. Ni mchezo wenye heshima yake, na umeokoa magari mengi. Upande wa pili kuna East African Safari Classic, ulioanza mwaka 2003, ambamo magari ya zamani hurudishwa kwenye vumbi na kupigwa mawe kama enzi zake, huku Porsche 911 zikivuna ushindi ambao hazikuupata kamwe katika Safari yenyewe. Huko magari hujengwa upya karibu kila baada ya mashindano, na sidhani kama mtu anajali bati lipi ni la kiwandani. Kati ya mswaki na vumbi ndipo lilipo gari langu, pamoja na magari mengi ya watu wa kawaida, na nadhani ndiko linakostahili kuwa.

Petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee iliyobaki katika ukanda wetu tangu mwaka 2006, haikulisumbua, kwa kuwa hedi yake ni ya aluminiamu na viti vya vali ni vya chuma kilichopachikwa. Joto la foleni za Dar es Salaam lilinitia wasiwasi zaidi, hivyo rejeta ilizibuliwa na feni yake, inayojiunga na kujitoa kwa sumaku ya umeme, ikarekebishwa badala ya kung’olewa. Barabara ya Chalinze hadi Tanga linaipenda. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa halina purukushani, na springi zake laini huyameza matuta ambayo magari mapya huyaruka kwa kishindo. Malori hunipita yakipiga honi, na madereva wake wazee hupunga mkono.

Kama ningepangiwa bajeti upya, ningetenga kwa bodi zaidi ya nusu ya fedha zote, ningenunua raba na gasketi zote kwa agizo moja ili kupunguza gharama za usafirishaji, na ningemlipa fundi wa injini ruhusa ya kumrekodi akifanya kazi. Hilo la mwisho nimelianza kwa kuchelewa kidogo lakini linaendelea. Mtu mmoja wa Morogoro ameleta pikapu ya 404 iliyokuwa ikibeba maziwa, vizingiti vyake vikiwa katika hali mbaya kuliko vya gari langu, na mzee wa Gerezani amesema mgongo hauruhusu tena kulala uvunguni kutwa nzima. Atakaa kwenye kiti, mjukuu wake atashika mashine ya kuchomelea, na milango itarudishwa kwenye bawaba kabla ya nukta ya pili kuchomelewa. Difu ya pikapu hiyo bado ina mafuta yasiyojulikana ni ya aina gani, na kesho asubuhi tutaanza kwa kuyamwaga.